Muulize Shangazi: Aliponiona, akageuka akatazama ukuta

Barua za safari hii zimeingiliana zenyewe bila mimi kuzipanga: zote ni za ulemavu wa akili, urafiki na fedha. Mbili ni ndefu, moja ni ya mistari miwili. Ya kwanza imesimuliwa kwa mdomo na kuandikwa na mtu mwingine, na nimeiacha kama ilivyofika.

Kabla ya yote, kwa wale wanaonitumia ujumbe wakichanganya mambo: ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili. Ugonjwa wa akili unaweza kumpata mtu yeyote katika umri wowote, na mara nyingi hutibika. Ulemavu wa akili huanza utotoni na mtu huishi nao. Humfanya ajifunze polepole, na apate shida na vitu visivyoshikika kwa mkono, kama tarehe, hesabu na maandishi marefu. Wala si disleksia, ambayo humsumbua mtu katika kusoma na kuandika huku mambo mengine yakienda sawa. Basi, tuendelee.

"Ukuta hauna kitu"

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanamke, nina miaka 31. Nina ulemavu wa akili. Mimi nasema, dada yangu anaandika, ameahidi hataongeza neno. Nafanya kazi ya kukunja mashuka hotelini. Nakunja vizuri, pembe kwa pembe.*

*Nina rafiki mmoja. Ni mwanamume lakini si mchumba. Watu wanauliza kila siku. Si mchumba. Tulikutana shuleni tukiwa wadogo. Ana ulemavu kama mimi, ila yeye anajua namba za mabasi yote, na mimi najua sura za watu. Kila Jumamosi tulikuwa tunapanda basi mpaka kituo cha mwisho. Tunakaa kwenye benchi tunatazama mabasi yakigeuza. Halafu tunarudi. Kila mtu na nauli yake.*

*Kazini kwake wamempunguzia siku. Alikuwa anafagia siku tano, sasa mbili. Akaja akaniomba hela, nikampa. Akasema atalipa Ijumaa. Ijumaa hakulipa. Akaomba tena, nikampa tena, akasema Ijumaa. Sasa Jumamosi haji. Nikipiga simu mama yake anasema anaumwa. Lakini nimemwona kituoni, amesimama peke yake. Aliponiona, akageuka akatazama ukuta. Shangazi, ule ukuta hauna kitu.*

*Kaka yangu anasema yule si rafiki, ananinyonya. Amechukua kadi yangu ya benki, anasema ananitunzia. Nikitaka hela namwomba, na ananiuliza ya nini. Nataka kujua mambo mawili. Rafiki yangu ni mtu mbaya? Na kaka anaruhusiwa kukaa na kadi yangu?*

Marahaba, binti yangu. Mwambie dada yako nimemwamini kwamba hakuongeza neno.

Umesema unajua sura za watu, basi rudi kwenye ile sura uliyoiona kituoni. Mtu anayekunyonya hageukii ukuta. Angekuja mbio, tena na tabasamu pana kuliko la wiki iliyopita, kwa sababu bado una kitu anachokitaka. Anayegeukia ukuta ana aibu. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na rafiki yako yuko matangani tangu ile Ijumaa ya kwanza.

Nadhani hata hiyo Ijumaa hakuwa anakudanganya. Miaka yote alipofagia siku tano, Ijumaa ilikuwa siku ya hela. Hakuhitaji kupiga hesabu, ilitosha kuijua siku. Sasa siku zimebaki mbili, Ijumaa inafika kama zamani, lakini inachokuja nacho hakifiki hata nusu ya kile cha mwanzo, na kodi ya nyumba haikupunguziwa siku. Mtu mwenye wepesi wa hesabu angeliona hilo mapema, akasema, "nipe miezi mitatu." Yeye alilitambua pale Ijumaa ilipofika mkono ukiwa mtupu. Mara mbili. Baada ya hapo, kuumwa kukawa rahisi kuliko kueleza.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza: hapana, kwa haya uliyonisimulia sioni mtu mbaya. Naona wafanyakazi wawili wa kipato kidogo waliokopeshana, na kukopeshana kunataka vitu viwili, kuhesabu na kukumbuka tarehe. Navyo ni vilevile ambavyo shule ilishindwa kuwafundisha nyote wawili. Ninyi mliweza mambo yote ya urafiki, mkakwama kwenye la benki. Msikopeshane tena. Ukitaka kumpa, mpe kitu kinachoishia palepale, kisichobaki kinadaiwa.

Fanya hivi. Mpelekee ujumbe wa sauti, mfupi, usiwe na "kwa nini" hata moja ndani yake. Sema: "Sikudai tena. Jumamosi, kituo kilekile." Kama deni mliliandika kwenye karatasi, nenda nayo, uikate mstari mbele ya macho yake. Neno la kusamehe hupeperuka, ila mstari wa kalamu anaweza kuutazama.

Halafu tafuta bahasha, uchore basi juu yake. Kila ukipata mshahara, weka humo nauli za Jumamosi. Safari ya watu wawili, kwenda na kurudi, ni nauli nne, kwa hiyo chora mabasi manne usisahau. Bahasha hiyo ikiisha, imeisha. Usiongeze kutoka ya kodi wala ya umeme, hata akikuomba, hata ukimhurumia. Jumamosi ambayo bahasha ni tupu, kaeni kituo cha karibu na kwenu myatazame mabasi yakipita. Namba ni zilezile.

Lililobaki ni shida yake yenyewe, na hiyo si mzigo wako wa kuubeba. Kuna mtu mzima anayeweza kusoma karatasi ambaye anapaswa kukaa na mama wa rafiki yako, na ninamtazama dada yako mwandishi. Waanze na mkataba wa kazi: unasemaje kuhusu siku, na alipewa taarifa kabla ya kupunguziwa? Halafu waulize ofisi ya ustawi wa jamii kama kuna msaada anaostahili sasa kipato kikiwa kimeshuka. Mahali penye ruzuku, mara nyingi haiongezeki yenyewe. Mtu lazima aseme kwamba mambo yamebadilika, na fomu ya kusema hivyo huandikwa kama vile inalenga kumshinda yule aliyekusudiwa. Wana haki ya kumwomba afisa aeleze kwa lugha nyepesi, sentensi fupi na picha. Jambo moja la kuangalia: katika nchi kadhaa ruzuku hupungua au kukatika mtu akifanya kazi saa nyingi au akiweka akiba kupita kiwango. Waulize hilo kabla hajakubali siku za ziada, wasije wakaziba tundu moja na kutoboa jingine.

Sasa kadi.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuanza kutumika 2008, una Ibara ya 12. Kifungu chake cha 5 kinataka nchi zihakikishe kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki sawa na wengine ya kumiliki mali na kusimamia mambo yake ya fedha. Ulemavu wa akili haukutengwa. Mwaka 2014 kamati inayousimamia mkataba huo ikafafanua zaidi: kazi ya msaidizi ni kumsaidia mtu afikie uamuzi wake mwenyewe. Kumwamulia halafu ukaita hiyo huruma ni jambo jingine. Nchi nyingine bado zina sheria za usimamizi ambapo mahakama humteua mtu wa kushika mali ya mwenzake, kwa hiyo muulize kaka yako kwa upole kama anayo karatasi ya mahakama. Kama hana, yeye ni kaka tu mwenye kadi ya mtu.

Na wewe kaka, kwa kuwa najua utasomewa hili au utalisoma kwa kujificha: sikugombezi. Mimi nilifanya kama wewe, na kwa muda mrefu zaidi.

Mdogo wangu wa mwisho ana ulemavu wa akili. Alipoanza kujitegemea nilijisifu kwamba anajua fedha, kwani sikuwahi kumwona akisita mbele ya muuzaji. Siku moja nikavuta droo yake kutafuta kiberiti, ikakataa kufunguka kwa uzito. Ilikuwa imejaa sarafu mpaka juu. Miaka yote hiyo alikuwa akitoa noti kubwa kwa kila kitu, anapokea chenji bila kuitazama, na akifika nyumbani anazimwaga sarafu humo, maana zilimtisha. Hakuna aliyejua kwamba hahesabu. Alikuwa amejijengea njia ya kupita bila kuonekana. Baadaye nikaja kusoma kwamba mwanaanthropolojia wa Marekani, Robert Edgerton, alichapisha mwaka 1967 utafiti wake juu ya watu waliotoka katika taasisi ya wenye ulemavu wa akili, na baadhi yao walivaa saa zilizokufa makusudi, ili wakimuuliza mtu saa ngapi ionekane ni saa ndiyo mbovu. Nilicheka, kisha nikaikumbuka ile droo.

Baada ya droo nikaichukua pochi yake. Kwa miaka mitatu nilimpa fedha kwa kipimo, kila mara na swali lako hilohilo: ya nini? Hakuibiwa hata senti, nakiri. Lakini wenzake wakimwita kwenda kutazama mpira, ilibidi kwanza anitafute mimi, aeleze, asubiri. Alianza kwa kuitwa mara moja kwa wiki, ikawa mara moja kwa mwezi, halafu simu ikanyamaza. Nilidhani wamemchoka. Kumbe yeye ndiye aliyewaambia wasimwite, kwa sababu kuniomba mbele yao kulimfanya mtoto, naye alikuwa na miaka 38. Nilizilinda noti, marafiki wakanitoroka mikononi. Noti zingerudi mwezi uliofuata.

Basi mrudishie. Kama unaogopa hasara, nendeni pamoja benki mkaulize juu ya akaunti mbili: ya kwanza inapokea mshahara na kulipa kodi na umeme, ya pili ni ndogo, ndiyo yenye kadi, na kila wiki inaingiziwa kiasi mlichokubaliana. Weka kikomo cha kutoa kwa siku. Akipotea katika ile ndogo, amepoteza ya wiki, kama mimi na wewe tunavyopoteza. Akitaka uangalie taarifa ya akaunti, angalia. Asipotaka, kaa. Na kama atampa rafiki yake nauli ya basi mara mia moja, hiyo ndiyo anasa yake, sijui yako ni ipi.

Marafiki wa mwisho wa mwezi

*Shangazi, mwanangu wa kiume ana miaka 24 na ana ulemavu wa akili. Tangu apate kazi, vijana watatu wa mtaani wamekuwa marafiki zake. Wanakuja mwisho wa mwezi, wanakaa siku mbili tatu, wanatoweka. Juzi nimegundua simu yake ina mikopo miwili ya mtandaoni, naye hajui hata riba ni nini. Nikitaka kuwafukuza analia, anasema "mama, ni marafiki zangu." Nimesikia unatetea watu kuachiwa fedha zao. Kwa huyu pia?*

Mama, hapa sitetei kitu. Yule wa barua ya kwanza alipoishiwa alijificha. Hawa watatu, anayeishiwa ni mwanao, na hapo ndipo wanapojificha wao. Wakati mwingine sihitaji kipimo kingine zaidi ya kalenda. Uingereza wana jina maalumu kwa uhalifu wa aina hii, unaofanywa na mtu aliyejifanya rafiki wa mwenye ulemavu, na Ibara ya 16 ya mkataba nilioutaja inazitaka nchi ziwalinde watu wenye ulemavu dhidi ya unyonyaji, ndani ya nyumba na nje.

Mikopo kwanza, maana riba hailali. Leo, si kesho, badilisheni namba ya siri ya simu na ya benki, yeye mwenyewe akibonyeza. Mwandikieni mkopeshaji kwamba mnapinga mikopo hiyo, mweleze ilivyochukuliwa na mtu mwingine kwa simu ya mwanao, mkahifadhi nakala. Msifute ujumbe wowote, hata ule wa matusi. Huo ndio ushahidi wa kupeleka polisi. Na msilipe "kidogo tu ili watulie" kabla hamjapata ushauri wa kisheria.

Kisha kaa naye, uwe mwangalifu na namna ya kuuliza. Watu wengi wenye ulemavu wa akili wamezoea kuitikia ndiyo kwa wakubwa, kwa sababu ndiyo humaliza maneno haraka. Ukimwuliza "wanakulazimisha?" atasema ndiyo. Ukimwuliza "ni marafiki wazuri?" atasema ndiyo pia. Acha hayo. Mwambie, "Nisimulie walivyokuja mara ya mwisho. Nani alishika simu? Ukafanya nini? Wewe ulipoumwa, nani alikuja?" Usimkatize. Hilo la mwisho huenda akalijibu kwa kunyamaza, nawe nyamaza naye.

Lakini kuna jambo litakalokuumiza. Anajua. Si yote, si riba, ila anajua kwamba wanakuja kwa ajili ya mshahara. Nimewafundisha vijana kama yeye miaka mingi, na zaidi ya mmoja aliniambia waziwazi: bora hao kuliko hakuna. Hesabu watu katika maisha ya mwanao, uondoe ndugu, uondoe na wale wanaolipwa kumhudumia. Wanabaki wangapi? Wakibaki hawa watatu tu, ukiwafukuza leo atawafuata kesho kwa miguu. Kwa hiyo unapowafungia mlango, awe na mahali pengine pa kwenda wiki hiyohiyo, pasipo na kiingilio. Kwaya, timu ya mpira, mazoezi ya michezo ya wenye ulemavu. Zaidi ya yote tafuta kikundi ambacho wenye ulemavu wa akili wanakiendesha wenyewe, si kile ambacho wao hukalishwa mstari wa mbele kwa ajili ya picha. Mwaka 1974, katika jimbo la Oregon huko Marekani, watu waliochoka kuitwa kwa ulemavu wao walianzisha harakati yao wakaipa jina la People First, yaani sisi ni watu kwanza. Vikundi vya namna hiyo sasa viko nchi nyingi. Humo atakuta wenzake walioibiwa na marafiki wa mwisho wa mwezi, na neno lao atalisikia kuliko langu na lako.

Kadi yake? Usiishike wewe peke yako. Zile akaunti mbili zinamfaa na yeye pia, ila kwa miezi michache ile ndogo iwe ndogo kwelikweli, naye ajue sababu, na ajue ni mwezi gani mtaitazama upya. Mweke alama kwenye kalenda.

Mistari miwili

*Shangazi rafiki yangu ana birthday sina hela ya zawadi. Nisiende? Mimi nina ulemavu wa akili kidogo.*

Nenda! Asubuhi hiyo mpigie simu kabla ya mtu mwingine yeyote, kisha nenda mapema ukamsaidie kupanga viti. Usimwombe mtu akununulie kitu kwa mkopo. Mdogo wangu, yule wa droo ya sarafu, hajawahi kuninunulia zawadi. Kila mwaka hunipigia alfajiri, anautaja umri wangu kwa sauti kubwa mpaka jirani anasikia, anakata simu. Mwaka huu alikosea kwa kuniongezea miaka miwili, na alipopiga tena kusahihisha, akaongeza mmoja mwingine.